Walinikata Kwenye Picha ya Mume Wangu

Kijitabu cha ibada ya kumbukumbu ya mume wangu kilitumwa kwenye kundi la familia yao asubuhi, nikiwa nachambua mboga. Nikaacha sukuma, nikapangusa mikono kwenye leso, nikakifungua kwenye simu.

Ukurasa wa kwanza alikuwa yeye, amesimama na suti yake ya kahawia, uso umegeuka kando. Mbele yake ameketi mama mkwe, amempakata kifungua mimba wetu. Kulia ni shemeji yangu, kaka mkubwa wa marehemu. Kushoto picha iliishia begani mwa mume wangu. Chini yake shemeji alikuwa ameandika: "Macho yake tayari yalikuwa yakitazama mbinguni."

Nilivuta picha karibu. Kwenye lile bega la kushoto kulikuwa na vidole vinne. Havikuwa na mkono, havikuwa na mtu. Vilikuwa vidole vyangu.

Ile picha ilipigwa hapa Nairobi, mtaa wa Tena, nje ya nyumba tuliyopanga tulipooana, siku mtoto alipobatizwa. Mpiga picha alikuwa anatuambia tusitikisike. Mimi nikamnong'oneza mume wangu kwamba tai ya kaka yake imefika karibu na magoti. Akanigeukia, amekaza midomo ili asicheke, na hapo hapo kamera ikalia. Mbinguni gani? Alikuwa ananitazama mimi.

Sababu ya kukatwa niliijua. Baada ya mazishi walinikalisha chini, kwao kule magharibi, wakaniambia nihamie nyumbani na watoto, niwe chini ya shemeji kama mke wake. Mimi ni Mkamba, lakini hata ningekuwa wa kwao jibu lingekuwa lile lile. Nilisimama nikasema, "Nimeolewa mara moja. Narudi Nairobi na wanangu." Nikahamia mtaa wa Pipeline, chumba kimoja, nikaendelea na kazi yangu ya ukarani. Tangu siku hiyo salamu zao zikapungua, hadi nikawa wa kukatwa.

Nilimpigia shemeji.

"Shemeji, habari ya asubuhi. Nimeona kijitabu."

"Eeh. Kimetoka vizuri, sivyo?"

"Mimi niko wapi?"

Akakohoa. "Picha ilikuwa pana, haikuingia kwenye ukurasa. Ilibidi tukate kidogo."

"Mkakata kidogo, mkanipata mimi tu? Mtoto yumo, aliyemzaa hayumo?"

"Usituletee maneno, shemeji. Hii ni ibada. Halafu wewe mwenyewe ndiye uliyejitoa."

Akakata simu. Mboga nilizimalizia kwa hasira, majani na vijiti pamoja.

Jirani yangu wa mlango wa pili ni msichana anayeuza viatu vya mitumba kupitia simu. Nilikuwa nimeona picha zake. Kiatu kilichotoka kwenye robota kimekunjamana, kwenye picha kinang'aa juu ya sakafu nyeupe. Jumamosi hiyo nilimbishia hodi.

"Sasa, mathe," akasema. Ananiita hivyo kama anavyomwita mamake.

"Poa. Nifundishe kile unachofanyia viatu."

"Kuediti picha? Na wewe unauza nini?"

"Siuzi kitu. Nataka kujirudisha."

Nilimweleza yote. Hakunionea huruma, na nilimshukuru kwa hilo. Aliniuliza tu, "Ile picha yenyewe unayo?"

Ilikuwa ndani ya bahasha ya kadi za kliniki za watoto. Imekuwa ya manjano, ina madoa ya unyevu, na mkunjo mweupe umepita katikati yake. Nilitaka kuipiga pale pale mezani, akanizuia. Chumbani kwangu taa huwaka hata saa sita mchana, kwa sababu jengo la jirani liko hatua moja kutoka dirishani. Taa ile ingemwekea mume wangu mng'aro kwenye paji la uso. Tukapanda darini, juu kabisa ya jengo, kwenye kamba za nguo, tukatafuta kivuli nyuma ya tangi la maji. Tukailaza picha juu ya shuka nyeupe. Akanionyesha jinsi ya kuishika simu juu yake ikiwa sambamba, bila kuinama upande, na kuzima ile taa ya kamera.

"Kwanza tengeneza nakala," akasema. "Ya kwanza usiiguse kabisa. Ukiharibu nakala, unaanza tena."

Akanipa simu mkononi, akakaa juu ya ndoo iliyofudikizwa. Niliona kitufe cha kurekebisha kila kitu kwa mara moja, nikakibonyeza. Mume wangu akawa rangi ya karoti.

"Hicho wachana nacho, mathe. Hakijui sura zenu zinakaa aje. Songesha mwenyewe, pole pole."

Nikasongesha. Picha ilikuwa imelala upande, nikainyoosha hadi ukuta wa nyuma ukasimama wima. Nikakata shuka lililoonekana pembeni, na nilipofika kwenye ukingo wa gauni langu nikaondoa kidole haraka kama niliyegusa jiko. Nikapunguza ule umanjano. Kisha akanionyesha mahali pa vivuli, ambapo unafungua sehemu zilizoingia giza bila kuunguza zile zenye mwanga. Nilipofungua, uso wa mume wangu ulitoka. Miaka yote ile nilidhani nakumbuka alivyonitazama. Kumbe nilikuwa nimesahau mashavu yalivyovimba kwa kicheko alichokibana.

Ilibidi niishushe simu kwanza. Jirani alijifanya anaangalia nguo zake kama zimekauka.

Madoa yalikuwa na kifutio chake. Unavuta picha karibu, unagusa doa, linajaa rangi ya pembeni yake. Nilifuta mkunjo kipande kwa kipande. Nikanogewa, nikafuta na kidoa cha shavuni mwa mume wangu, ambacho hakikuwa cha karatasi. Kilikuwa chake, cha kuzaliwa.

"Nimemharibu!"

"Hujaharibu. Bonyeza huo mshale unaorudi nyuma."

Nikabonyeza, kidoa chake kikarudi.

Ilipokuwa karibu kwisha, jirani alichukua simu. "Na huyu mwenye tai? Ndiye huyo, eeh? Naona apu hii inaweza kumtoa, hata hutajua aliwahi kusimama hapo." Akazungushia kidole, akagusa. Shemeji akapotea. Pale alipokuwa pakabaki ukuta na kipande cha lango.

Sitadanganya, nilifurahi. Niliutazama ule ukuta kwa raha kabisa.

"Mrudishe," nikasema.

"Mathe, si yeye ndiye alikutoa?"

"Ndiyo maana mrudishe. Mimi sitamfanyia mtu vile."

Jumatatu baada ya kazi nikashukia Kayole, kwenye duka moja la kuchapisha picha kando ya Spine Road. Mwenye duka aliifungua kwenye kompyuta, akabonyeza hapa na pale bila kuniuliza. Nilipotazama, uso wangu ulikuwa mweupe kama ugali wa sembe safi, umelainika hadi pua haionekani vizuri.

"Nimekupendezesha, mama. Wateja wote wanapenda hivi."

"Mteja aliye hapa ni mimi. Sijawahi kuwa mweupe hata siku moja. Chapisha nilivyoleta."

"Lakini utaonekana mweusi sana."

"Basi nitaonekana."

Akachapisha. Nikaitia kwenye fremu, nikaifunga kwa leso.

Ibada ilikuwa katika ukumbi wa kanisa, kule kule Tena. Nilifika mapema na watoto. Mbele kulikuwa na meza yenye maua na ile picha iliyokatwa, imekuzwa. Nikaweka yangu kando yake. Watu walioingia walisimama, wakatazama ya kwanza, wakatazama ya pili, wakanitazama mimi. Sikuinamisha kichwa.

Shemeji alikuja mbio. "Ondoa hiyo."

"Siondoi."

"Unataka kutuaibisha mbele ya mchungaji?"

"Picha ni ile ile, shemeji. Hata wewe umo. Kama kuna aibu, sikuileta mimi."

Alinyoosha mkono kwenye fremu. Nami nikaweka wangu juu yake na kuukandamiza. Tukasimama hivyo, watu wazima wawili, tumeshikana juu ya meza ya maua. Mama mkwe akainuka kutoka kiti cha mbele, akaja akiburuta mguu wake mbaya. Macho yake hayaoni mbali, kwa hiyo aliinama hadi pua ikakaribia kioo.

"Hapa anamtazama nani?" akauliza.

"Mimi, mama."

Alinyoosha mgongo. Kisha akasema, bila kupunguza sauti, "Alikuwa anakutazama hivyo hata mezani. Ilikuwa inaniudhi sana." Akamgeukia mwanawe. "Iache hapo. Mchungaji anasubiri."

Hakunikumbatia, wala sikutarajia. Alirudi kwenye kiti chake. Shemeji akaondoa mkono, akaenda kupanga viti ambavyo vilikuwa vimeshapangwa. Wakati wa kusoma kijitabu, aliyesoma alifika kwenye yale maneno ya mbinguni, akatupia jicho picha yangu, akayaruka.

Jioni ile niliondolewa kwenye kundi la familia. Nilikuwa naosha vyombo binti yangu aliponionyesha kwenye simu yake. Nikamwambia aendelee kupangusa sahani.

Wiki chache baadaye wifi yangu mdogo alinipigia, yule ambaye hakuwa amenisemesha tangu mazishi. Alikuwa na picha ya harusi yake, panya wameitafuna pembeni, na akasikia eti siku hizi najua. Alitaka nimtengenezee.

"Sitakutengenezea," nikamwambia. "Njoo Pipeline Jumamosi, uje na simu yako iwe na chaji. Tutapanda darini, utaitengeneza mwenyewe."

Akaja.