Nafasi Kati ya Behewa na Behewa

Jumamosi moja naikumbuka hadi harufu yake, mwanangu: harufu ya lutuku inayoungua. Usinicheke. Pombe ile haikuwa tumboni mwa mtu. Ilikuwa inawaka chini ya gari moshi dogo la baba mkwe wangu, Baba Ngoie, aliyependa kusema kwamba mtaani kote mashine yake ndiyo mnywaji pekee asiyegombana na watu.

Nilikuwa nimemfuata mke wangu. Fébronie alikuwa ameondoka kwangu, mtaa wa Hewa Bora, bila kelele, akarudi kwa wazazi wake, na usingizi ukaondoka naye. Nyumba yetu ilikuwa na funguo mbili, na zote mbili nilitembea nazo mfukoni. Nilisema ni kwa ajili ya wezi. Lakini mke asiye na ufunguo atatokaje, aache mlango wazi? Dada yake alikuwa mgonjwa Kipushi, na kila alipoomba kwenda kumwuguza nilimwambia angoje nipate nafasi, twende wote, turudi wote. Nilimpenda, wallahi nilimpenda, ila nilimshika kama mtu anavyoshika kuku sokoni.

Kwetu, mume aliyekimbiwa hafiki kwa wakwe akasema, "Nipeni mke wangu." Anakaa, anangoja wenyewe waanze. Na baba mkwe naye haingii katika mambo ya chumba cha binti yake, kwani ni aibu. Basi tulikaa wanaume wawili uani, kila mmoja na ulimi wake umefungwa, tukitazama reli zake ndogo.

Baba Ngoie alikuwa ameendesha magari ya moshi ya kweli, yale yaliyopanda hadi kaskazini alikozaliwa. Yalipostaafishwa, naye akastaafu, akajiundia la kwake: tangi la mvuke la kopo la maziwa, mabehewa ya makopo ya dagaa, na mzigo wa vijiwe vya kijani vya malakiti. Reli zilizunguka ua mzima. Zilipita kwenye kibanda cha kuku, kwenye pipa la maji, chini ya mjakaranda uliokuwa ukidondosha maua, kisha mbele ya mlango wa jikoni. Jikoni nilisikia mtu akisonga bukari, ugali wetu. Nilimjua kwa mwiko wake.

"Bukwe," mzee akaniita, yaani mkwe, "ile atelaje ya bagoni ilikatika. Tengeneza-ko."

Nilifurahi kupata kazi ya mikono, hata kama ni kiungo cha mabehewa tu. Nikachukua koleo na waya wa shaba, nikaunganisha mabehewa yale yakagusana tumbo kwa mgongo, hata sindano isipite. Nilitaka aone mkwe wake ni mtu wa kushikilia.

Aliwasha. Mvuke ukapanda, mweupe, mtulivu. Magurudumu ya mashine yakazunguka palepale, yakalia, yasiende popote. Mzee akaisukuma kwa kidole. Ikaenda kidogo, ikafika kwenye kona ya pipa la maji, na pale mabehewa yakakataa kupinda. La nyuma lilitoka relini, likavuta wenzake, na malakiti yote ikamwagika vumbini. Mwiko jikoni ukanyamaza.

Hakunigombeza. Aliniletea mnyororo mwembamba wa saa kuukuu na kisu.

"Ulifunga serré sana, bukwe. Mashini haiwezi kuamusha bagoni yote mara moya. Inaamusha ya kwanza, ile inaamusha ingine, njo treni inaenda."

"Lakini papa, nikiacha nafasi, haitaachana?"

Akatazama jikoni, kisha akagusa ndoano ya behewa.

"Nafasi haiko kuachana. Angalia: kroshe iko, munyororo iko. Inapumua tu."

Nikakata waya wangu wote. Kati ya behewa na behewa nikaning'iniza pete chache za mnyororo, zikalegea. Akawasha tena. Mashine ikajivuta, tak, behewa la kwanza likaamka. Tak, la pili. Na msafara mzima ukaondoka kama watu wanaoamshana asubuhi. Mzee akafumba macho. Kwenye kibanda cha kuku alinong'ona jina la stesheni yake ya zamani, "Tenke." Kwenye pipa akasema, "Kamina," na kona ile ikapitwa bila tabu. Maua yalianguka juu ya mabehewa yakasafiri nayo. Mbele ya mlango wa jikoni akasema, "Kongolo," na Kongolo ndiko kwao. Mwanangu, sijui niliota au niliona, lakini ua ule ulikuwa mrefu kama nchi.

Msafara ulipopita mbele yangu nikatoa ufunguo mmoja mfukoni, nikauweka kwenye behewa la nyuma. Niliogopa sana. Ukapita Tenke, ukapita Kamina, ukapotea mlangoni mwa jikoni. Msafara uliporudi kwangu, behewa la nyuma lilikuwa na ua moja tu la mjakaranda.

Usidhani nilirudi naye. Nilirudi peke yangu, naye akaenda Kipushi kwa dada yake. Nilingoja, na kungoja kuliniuma. Hadi alasiri moja nilikuwa nimekaa ndani nikasikia ufunguo ukizunguka mlangoni. Sikuinuka. Nilimwacha afungue mwenyewe.

Wewe umeoa juzi, na nasikia kila mkeo akitoka simu yake haipoi kwa kupigiwa na wewe. Taratibu ndiyo mwendo, mwanangu. Mpe mwenzako ufunguo wake. Umwache aende kwa watu wake na arudi kwa hamu yake, maana anayerudi kwa kuvutwa hajarudi. Leo hii Fébronie yuko Kipushi, amekwenda kuona wajukuu wa dada yake. Simu yangu iko pale juu ya kabati, imelala.

Mungu akujalie nyumba inayoachwa kwa amani na kurudiwa kwa furaha, na masikio yako yazeeke yakisikia ufunguo ukizunguka mlangoni.