Diski Mbili za Mama wa Kihanga

Duka langu liko Nyaishozi, upande wa chini wa barabara, kati ya muuza mbolea na kinyozi. Mlangoni nimeandika kwa rangi ya mafuta: TUNAREKODI HARUSI, SENDOFU, MSIBA, KWAYA. Niliandika mwenyewe, na kama kuna herufi imelala upande, ilale. Watu wanaelewa. Shule niliiacha darasa la tatu nikapanda baiskeli, nikawa nasomba ndizi kutoka vibanja vya watu mpaka sokoni. Kwenye baiskeli hiyo nimetoa nyumba ya bati, shamba la kahawa, kamera na kompyuta. Sikupewa na mtu.

Kompyuta yenyewe inatumia Linux. Wengi hapa hawajaisikia. Mfumo wa kwanza uliliwa na virusi, maana kila mteja aliyechomeka flashi yake aliniachia wadudu, mpaka siku moja harusi nzima ya watu ikagoma kufunguka. Fundi mmoja wa Kayanga ndiye aliyeniwekea Linux. Akaniambia, "Mzee, hii haiugui ovyo." Na kweli haijaugua, ila wiki iliyopita draivu ya kuchomea diski ilikufa kwa uzee, akaniwekea mpya. Menyu zake ni za Kiingereza, lakini mimi menyu siisomi, nakariri ilipokaa. Kitufe cha kuchomea diski ni cha tatu kutoka chini, kina kapicha ka diski inayowaka moto. Ukikihamisha umenipoteza, basi usikihamishe.

Najua dunia imeacha diski. Muuza mbolea, mtu wa Muleba mwenye mdomo usiochoka, hunikumbusha kila asubuhi. Lakini huku vijijini deki bado zipo, zimefunikwa vitambaa vya kufuma, na wenye nazo ni watu wa umri wangu. Hao ndio wateja wangu na sina mpango wa kuwatupa.

Mama wa Kihanga alikuja Jumatano. Mimi na yeye tumelingana, hakuna wa kumpa mwenzake shikamoo, tukasalimiana Kinyambo mpaka salamu zikaisha. Akafungua jani kavu la mgomba, akanipa kahawa ya kutafuna kama mtu aliyekuja nyumbani kwangu na siyo dukani. Nikatafuna, nikasubiri. Mume wake alikuwa amefariki kabla kahawa haijaiva.

"Kitindamimba wangu anakuja Jumamosi," akasema. "Yule aliyeolewa ng'ambo ya mpaka, pale Murongo. Baba yake anazikwa, yeye alikuwa hospitali anajifungua. Hakuona hata udongo. Jumapili anarudi kwake."

"Pole sana, waitu," nikamwambia kwa neno letu la heshima.

"Sendofu yake ulirekodi wewe. Diski ya kwanza wajukuu wameivunja. Mzee alisimama akaongea. Nataka diski mbili. Moja yangu, moja aende nayo."

Nilikumbuka. Mzee yule hakupenda picha wala simu. Siku ile ya kumuaga binti yake ndiyo pekee aliyosimama mbele ya kamera akafungua kinywa. Sauti yake haikubaki mahali pengine popote, ila ndani ya kompyuta yangu.

"Mama, siku hizi watu wanaweka kwenye simu."

"Simu ni ya kupigia."

"Basi flashi. Deki yako haina tundu la flashi?"

"Linalo. Mjukuu alishindilia punje ya mahindi humo. Nasubiri iote."

"Na binti kule?"

"Ana deki niliyompa siku hiyohiyo. Uliirekodi wewe, au ulikuwa umelala?"

Nikamwambia aje Jumamosi asubuhi achukue. Akasema hapana, Jumamosi atakuwa anapika, nipeleke mwenyewe. Sikubishana naye.

Sasa, diski tupu zimekuwa adimu. Zamani wachuuzi wa Murongo walikuwa wakizivusha kwa maboksi, siku hizi wanavusha vitu vingine. Nilikuwa nimebakiwa na chache tu kwenye kijiti chake. Nikazitoa zote, nikafanya kama nifanyavyo siku zote: nikabandika picha kwanza.

Hiyo ni desturi ya duka langu. Kila diski naibandika picha ya pasipoti ya mwenye shughuli, pembeni, kabla sijaichoma. Gundi ni uji wa ngano ninaoupika mwenyewe, sinunui gundi ya dukani. Watu huuliza kwa nini nisiandike kwa kalamu. Niandike ili nani asome? Mimi? Mteja wangu, bibi wa umri wangu? Sura kila mtu anaisoma. Na nabandika mapema kwa sababu diski zikishachomwa zote ni sawa, hujui ipi ya harusi ipi ya msiba. Mwenzangu mmoja aliwahi kupeleka mazishi kwenye ubarikio wa mtoto, wageni wakaacha kula.

Basi nikamtoa mzee kwenye video ileile, nikamchapa kwa ukubwa wa pasipoti, nikambandika kwenye diski zote, nikaingiza ya kwanza. Mstari wa kijani ukatambaa vizuri. Ulipokaribia mwisho ukasimama, yakatokea maandishi mekundu, na sahani ikajitoa nje kama ulimi. Nikaijaribu diski kwenye deki ya dukani. Haikusoma kitu.

Muuza mbolea alikuwa amesimama mlangoni, kama kawaida yake.

"Nilikuambia. Hiyo Linux yako. Rudi kwenye mfumo wa watu."

"Wewe uza mbolea."

Nikampigia fundi wa Kayanga. Akaniuliza kama kuna nafasi ndani, maana kompyuta huiandaa filamu yote mahali pamoja kabla ya kuichoma, na ikikosa nafasi inaishia njiani. Nikatazama, kweli ilikuwa imejaa kwaya za Pasaka. Nikazihamisha, nikamwaga na takataka. Nikachoma nyingine. Ikafia palepale karibu na mwisho.

Nikampigia tena. Akasema huenda mfumo unaifungua diski wenyewe mara tu inapoingia, kwa hiyo inashikwa na mikono miwili. Nifunge kwanza dirisha linalojifungua. Nikalifunga, nikachoma, maandishi mekundu yakarudi. Nikafuta jicho la draivu kwa kitambaa cha miwani, polepole kama namfuta mtoto. Fundi akasema basi punguza kasi, chagua namba ndogo kabisa. Hiyo nilitumaini. Mstari ukapita pale ulipokuwa ukifia, nikaanza kutabasamu, ukafa hatua moja mbele.

Alhamisi jioni nikahesabu zilizobaki. Mbili.

Nikaziweka kwenye droo ya meza na sikugusa kitu tena. Diski mbili, wanawake wawili. Nikikosea moja, mmoja wao anaikosa sauti ya yule mzee. Na ningemnyima yupi? Mama aliyeishi naye, au binti ambaye hakuuona hata udongo? Nikapiga simu Bukoba kwa mwenye duka ninayemfahamu. Akacheka mpaka nikasogeza simu mbali na sikio. "Mzee, diski? Uko mwaka gani?" Nikamkatia.

Ijumaa asubuhi mke wangu alikuja dukani na ungo wa maharage, maana nyumbani kulikuwa na wageni wa kanisa na yeye hapendi kumenya maharage mbele ya watu wanaompa ushauri. Akaweka kikombe chake cha chai juu ya boksi la kompyuta. Mimi nilikuwa nimeingiza moja ya zile diski zilizokufa, nataka kuona kama kuna kipande chochote kinachosomeka.

"Ondoa chai yangu kwenye dubwana lako," akasema.

"Umeiweka mwenyewe."

"Niliiweka ikiwa imetulia. Tazama sasa, inatetemeka kama ina homa ya malaria."

Nikatazama. Ndani ya kikombe chai ilikuwa inachora miduara, mduara ndani ya mduara.

"Mashine ikizunguka inatetemeka," nikamwambia. "Hujui mambo haya."

"Nisijue nini? Kila nikija hapa naweka diski ya kwaya humo na chai yangu iko hapohapo. Haijawahi kutetemeka. Ni hizi zako za marehemu."

Ile diski ya kwaya tuliinunua dukani, imetoka kiwandani, haina picha ya mtu. Nikaiingiza. Ikazunguka, na chai ikalala kama maji ya mtungi. Nikarudisha ya mzee. Miduara.

Hapo ndipo baiskeli ilinirudia. Yeyote aliyebeba ndizi kwa baiskeli anajua: pindua baiskeli, izungushe gurudumu, liache lisimame lenyewe. Pale penye kinywa cha kujazia upepo patashuka chini, kwa sababu pana uzito. Nikachukua msumari mwembamba, nikaupitisha kwenye tundu la diski, nikaizungusha na kuiacha. Ikasimama, mzee yuko chini. Nikaizungusha tena. Mzee chini. Nikachukua nyingine, mzee huyohuyo akashuka chini ananitazama.

"Ni picha," nikasema.

Mke wangu hakuinua macho kutoka kwenye ungo. "Picha gani?"

"Hii ninayobandika. Inavuta upande mmoja. Draivu ya zamani ilikuwa inazunguka kizee kama mimi, ikavumilia. Hii mpya ina kasi, na kadiri inavyoelekea ukingoni ndivyo diski inavyoyumba. Jicho linapotea njia."

"Basi bandika nyingine upande wa pili, zilingane."

"Marehemu mmoja nimbandike mara mbili?"

"Basi mbandue."

Kubandua ndiyo ilikuwa kazi. Diski mbili za mwisho nazo zilikuwa na picha, zimekauka. Ningekuwa nimetumia gundi ya dukani, ile inayonuka, hadithi hii ingeishia hapa. Lakini uji wa ngano ni chakula, na chakula kinalainika. Mke wangu akachemsha maji, akachovya kitambaa, nikakiweka juu ya uso wa mzee mpaka ukaanza kuinuka pembeni. Nikamvuta taratibu. Nikafuta ute uliobaki, nikazikausha kivulini, siyo juani. Nikazipima kwenye msumari. Safari hii zilisimama popote zilipotaka.

Muuza mbolea alipita, akatuona tumeinamia beseni. "Leo mnaosha diski? Kesho mtazianika na kahawa?"

"Ingia ukae ushuhudie," nikamwambia, "au funga mdomo."

Akaingia akakaa. Nikaweka kasi ya chini, nikafunga lile dirisha linalojifungua, kila alichosema fundi nikakifanya, sikuacha hata kimoja. Kisha nikamwambia mke wangu akirudishe kikombe chake juu ya boksi. Watu watatu wazima tukakodolea macho chai. Mstari wa kijani ukapita pale pa kwanza pa kufia, ukapita pa pili, ukafika mwisho. Sahani ikatoka. Nikaiweka diski kwenye deki, na sauti ya mshereheshaji ikajaa duka zima. Ya pili nayo ikapita bila shida.

"Kumbe ilikuwa picha," akasema muuza mbolea.

"Kumbe haikuwa Linux. Sema hivyo."

"Haikuwa Linux."

"Kwa sauti. Kinyozi hajasikia."

Jumamosi nikapanda bodaboda mpaka Kihanga, diski nimezifunga kifuani ndani ya koti. Sebuleni walikuwa wametandaza nyasi mbichi kama zamani, na binti alikuwa ameketi hapo na mtoto mapajani. Akanipa shikamoo. Mama akazipokea diski, akazigeuza huku na huku, uso ukakunjamana.

"Yuko wapi mume wangu? Hizi ni za nani?"

Nikamwonyesha bahasha za diski hizo. Mzee alikuwa amebandikwa huko, nje, pana nafasi ya kutosha na hazunguki. Akaguna. "Mbona hukufanya hivi tangu mwanzo?" Kuna maswali mtu mzima huyaacha yapite.

Tukaweka diski. Zikapita nyimbo, ikapita keki, kisha mzee akasimama kwenye koti lake kubwa, akashika kipaza sauti kama anashika jembe.

"Ninyi wakwe zetu wa ng'ambo," akasema, "mmekuja vizuri, mmekula vizuri. Lakini gari lenu limekanyaga maharage yangu. Binti nawapa kwa moyo wote. Maharage mtakuja kuyapanda wenyewe."

Kwenye runinga watu walicheka, na sebuleni tukacheka. Binti alicheka mkono ukiwa mdomoni, machozi yanamshuka, hakuyafuta. Mtoto alinyanyua kichwa akaitafuta ile sauti.

"Huyo ndiye babu yako," binti akamwambia. "Msikilize anavyogomba."

"Na hawakuja kupanda," mama akasema. Alikuwa akiitazama runinga, akimwambia mume wake. "Hata mbegu moja hawajaleta."

"Nitamwambia mume wangu, mama. Msimu huu atakuja."

"Aje na jembe lake. Langu simpi." Kisha akanigeukia. "Rudisha pale pa maharage."

Nikarudisha. Diski haikunasa hata kidogo. Mzee akasimama tena kwenye koti lake, na mama akanisogezea kahawa ya kutafuna.