Ubao Niliomchagulia Baba Mkwe

Mwanangu, kuna siku moja ya ukungu ninayoikumbuka kuliko harusi yangu, na harusi yangu ilikuwa nzuri, watu walikula wakasaza. Ilikuwa miaka ya tisini, mvua ya mwezi wa nne imeshika, nami, Mama Chebet, nilikuwa mke kijana katika boma la baba mkwe wangu, huku chini ya Mogogosiek. Siku hiyo niliogopa mpaka meno yakagongana. Hata leo nikisikia maji yakimwagika mahali nisipoyaona, moyo unashtuka kwanza, halafu ndipo najiambia kwamba ni bomba tu.

Uelewe kwanza kazi ya mzee. Mashamba yetu ya chai yalipoishia palikuwa na bwawa la majirani wote. Ng'ombe walikunywa hapo, na maji ya nyumbani yalitoka hapo kwa bomba. Magugu ya majini yalipenda sana kuziba mdomo wa bomba, na aliyeyatoa ni baba mkwe. Alisimama juu ya ubao unaoelea, akapiga maji kwa kasia refu mpaka katikati, kisha akayavuta magugu kwa reki. Alisimama kwa sababu aliyekaa haoni kilicho chini ya maji. Watoto wake walimwambia apumzike sasa, umri umeenda. Alijibu kwamba atapumzika siku mmoja wao atakapojua mdomo wa bomba uko wapi. Hakuna aliyejua.

Ubao wake wa zamani ulikuwa umeoza. Akisimama juu yake, maji yalimfika vifundoni. Mimi ni mtu wa Kiptere, maji niliyokua nayo ni ya ndoo, na kumwona mzee amesimama juu ya maji hivyo kulinikosesha raha. Nilikuwa nakata majani ya ng'ombe kando ya bwawa huku nikimchungulia, mpaka siku moja nikajikata kidole. Mume wangu, aliyekuwa dereva Kericho mjini, aliniachia neno: baba apate ubao mpya, nenda kwa fundi, chagua wewe kwa sababu wewe ndiye uko nyumbani.

Fundi alikuwa Mkisii aliyehamia kwetu na jamaa yake, mtu mpole. Alinionyesha njia mbili. Angeweza kutengeneza ubao mwembamba wa mbao za saiprasi, na chini yake mitungi ya plastiki iliyozibwa vizuri. Au angefunga mbao nene za mkaratusi juu ya mapipa ya chuma.

"Huyo mzee ako na nguvu ya kuinua hii peke yake?" akaniuliza. "Na akisimama katikati, mkono yake inafika maji pande zote?"

Nikatazama mapipa. Nyinyi mmezaliwa wakati mwingine, mnapiga picha mmewakumbatia wakwe zenu, sawa. Kwetu mke wa kijana hakumshika mkono baba mkwe. Hakukaa karibu naye, hakulitaja jina lake, na habari za mwili wake, kama magoti yanamuuma au mabega yamechoka, hazikuwa maneno ya mke huyo kusema. Nikimpelekea chai niliiweka na kurudi nyuma. Ni heshima, na mimi bado naipenda. Lakini pale kwa fundi nilisimama kama mtu asiye na akili.

"Sijui," nikasema. "Ni baba mkwe."

"Si basi uulize mama mkwe?"

Sikutaka kurudi nyumbani kuuliza. Nilikuwa nimeugusa ule ubao mwembamba aliokuwa amemtengenezea mtu mwingine, ukatikisika. Ule wa mapipa, wa mfano, niliusukuma kwa goti na haukusogea hata kidogo. Nikajiambia, huu hauwezi kumwangusha mtu. Nikamwambia atengeneze wa mapipa, tena aongeze upana.

Ulipoletwa, baba mkwe aliuzunguka polepole. Aliushika pembeni, akajaribu kuuinua, akauacha. Mtu hakatai mbele ya majirani kitu alicholetewa na mke wa kijana wake, hiyo nayo ilikuwa heshima. Vijana wakamsaidia kuusukuma majini, na mimi nikalala vizuri kwa mara ya kwanza baada ya majuma mengi.

Sasa ile siku ya ukungu. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha, bwawa limejaa, maji yanapita juu ya ukuta wa upande wa chini na kuanguka kwenye mawe makubwa. Bomba lilikuwa limeziba tena. Nilikuwa kwenye majani yangu, mbali kidogo kama ilivyopasa, nikamwona akiingia. Ukungu ulimfunika miguu, kisha ukamfunika wote, nikabaki na sauti ya kasia peke yake. Ilikuwa inapiga taratibu. Halafu ikaanza kuharakisha, na mzee yule hakuwa mtu wa haraka. Nikasikiliza vizuri, nikagundua kwamba sauti haiko tena katikati ya bwawa. Ilikuwa inaelekea ukutani.

Nilitaka kumwita, lakini jina lake halikuwahi kutoka kinywani mwangu. Nikakimbia tu, panga nimeliacha, mpaka pale ukuta unapokutana na nyasi. Akatokea ukunguni. Alipiga kasia upande mmoja, kisha akavuka ule upana wote niliouagiza ili apige upande wa pili, na kila alipofika, ubao ulikuwa umeshageuka. Mapipa yalikuwa mazito, yakishaanza kwenda yalikwenda. Usoni alikuwa na woga. Sikuwa nimewahi kumwona akiogopa, na hilo liliniogopesha kuliko maji yenyewe.

"Rudi nyuma," akaniambia. "Utaingia na wewe."

Sikurudi. Ubao ukagonga ukuta, ukainama. Angeweza kunipa mkono, alikuwa karibu kiasi hicho, lakini alininyoshea kasia. Nikalishika, nikavuta, na lilikuwa limelowa. Likaanza kunitoka viganjani. Mkono wake ulikuwa hapo mbele yangu. Nisikudanganye, mwanangu, niliutazama kwanza. Ilikuwa pumzi moja tu, lakini katika pumzi hiyo niliwaza watu watasema nini.

Kisha nikaushika. Ndani ya koti lile zito mkono ulikuwa mwembamba, mifupa mitupu, na ulinishika bila nguvu yoyote, ni mimi niliyeshika. Fundi aliniuliza nguvu za mzee, na jibu nililipata hapo, maji yakinipita magotini. Nilimvuta tukaanguka wote kwenye nyasi. Nyuma yetu ubao ukavuka ukuta, na tukasikia mapipa yakipasuka juu ya mawe.

Nilijiburura nikakaa mbali naye. Yeye alitazama chai, mimi nilitazama maji.

"Ulipochagua ile kitu, uliogopa nini?" akauliza, bila kugeuka.

"Niliogopa utaanguka, Baba."

"Basi ulichagulia woga yako. Mimi ndio nilikuwa napiga kasia." Akakohoa. "Hii mikono imeisha. Mama Chebet, si ungetuma mtu aniulize?"

Wiki iliyofuata mama mkwe ndiye aliyemuuliza kila kitu na kuniletea majibu jikoni, nami nikayapeleka kwa fundi. Ule ubao mpya wa saiprasi, mwepesi, mzee aliubeba mwenyewe begani mpaka majini, na aliutumia mpaka akamfundisha mume wangu mahali bomba lilipo. Alifia kitandani kwake, miaka mingi baadaye. Hatukushikana mkono tena mpaka tukamzika, na habari ya siku ile hakumwambia mtu.

Kwa hiyo nisikilize, mwanangu. Ukimchagulia mzee kitu, iwe ni kiti, fimbo au kitanda, usikipime kwa hofu yako. Hofu hupenda kitu kizito na kikubwa, halafu mzee ndiye anayeachwa akihangaika nacho peke yake. Muulize ataweza kuinua nini. Ukiona haya, au heshima ikikukataza, mtafute anayeruhusiwa kuuliza, yupo kila boma. Na siku ukiona mkono unazama, ushike, mambo ya watu yatasemwa baadaye mkiwa wote wakavu.

Mungu akujalie wazee wa kukaa nao muda mrefu. Na mikono yako nayo itakapokwisha, akupe mtoto atakayekuja kukuuliza.