Beseni la Maji ya Uvuguvugu

Siku yangu ya kwanza kazini sikupewa darubini wala koti jeupe. Mkuu wa kitengo cha alama za vidole, mmoja wa wazee walioianzisha kazi hii hapa Kigali, alinikabidhi beseni la maji ya uvuguvugu na taulo. Nikadhani nimeajiriwa kufua.

"Mama, hapa iko marehemu," akasema. "Kwanza tunamusalimia. Halafu doucement, polepole."

Mtu akifa vidole hukakamaa, na wapo wanaovinyoosha kwa nguvu. Mkuu alivikanda ndani ya maji, kimoja baada ya kingine, akisema, "Mwaramutse, muzee," kama mtu anayemwamkia jirani. Kisha alivikausha, akavipaka wino kwa rola na kubandika karatasi juu ya kila ncha. Mistari inayotokea hapo, mingine imejipinda kama kitanzi, mingine imezunguka, hulinganishwa na ile iliyosajiliwa mtu alipochukua kitambulisho. Nilimwona mkuu wangu ana kichaa kidogo. Mume wangu naye, nilipomsimulia, akasusa chapati za mikono yangu wiki nzima.

Baadaye nilihamishiwa chumba kingine cha maiti. Huko akaletwa mwashi aliyegongwa na lori njia ya Masoro, uso hautambuliki, mfukoni hana kitu. Kesho yake alikuwa azikwe bila jina. Kwenye korido alikaa mwanamke kutoka Kabeza ambaye mumewe, mwashi pia, hakurudi nyumbani. Alikuwa ameshika kitambulisho alichokisahau mumewe mezani.

"Kama ni yeye, nimuzike," aliniambia. "Kama si yeye, nimutafute. Lakini usiniache katikati, Mama."

Saruji ilikuwa imevila vidole vile. Kila karatasi ilitoka na doa jeusi tu. Mkuu wa zamu akachungulia. "Achana naye, huyu hana alama."

Nilibadilisha maji. Nikasema, "Mwaramutse," kwa sauti, bila aibu, nikaanza kukanda upya. Kidole kidogo cha kushoto, ambacho saruji haikukifikia sana, kikanipa kitanzi safi. Nilikilinganisha na usajili wa mumewe, pale mistari inapokatika na pale inapogawanyika. Alikuwa yeye. Niliumia, na nilishukuru.

Nilipomwambia yule mwanamke, alilia sana. Kisha akauliza, "Nani alimushika?"

"Ni mimi."

"Kwa nguvu?"

"Hapana. Kwa maji ya uvuguvugu. Nilimsalimia kwanza."

Sasa nimestaafu. Ninyi vijana mna mashine zinazosoma kidole kwa mwanga, na sina ugomvi nazo, ila msione haya kusalimia. Mkuu wangu hakuwa na kichaa.

Yule mama hukutana nami madukani Kabeza. Hunishika mkono wa kulia kwa mikono yake yote miwili, akakaa nao muda mrefu, watu wakitupita. Siuondoi. Najua anayeshikwa si mimi.