Mama asiye na mzigo

Ndani ya basi la zamani la Butembo kwenda Beni, konvuayeri, mkusanya nauli, alimkuta muuza kabichi mmoja dirishani, mikono mitupu.

"Mama, muzigo iko wapi?"

"Muzigo hapana. Leo naenda kutazama barabara."

"Mais, barabara si unaijua?"

"Miaka yote kabichi zilikuwa zinanizibia macho."

"Donc songa katikati. Dirisha ni ya benye kupitisha mizigo."

Mama akashika chuma cha dirisha kwa mikono miwili. "Sitatoka hapa mpaka Beni."

Hakutoka. Sisi watu wa Butembo hatujui kusafiri bure, bila mzigo. Mimi mwenyewe kwenye kiti cha nyuma yake, niliyejigamba wiki nzima kwamba nitapanda kama mtalii, nilivuta koti polepole nikafunika gunia la maharage magotini.