Fundi Aliyeona Haya Kutia Viraka

Siku ile nikiikumbuka, mwanangu, bado hucheka peke yangu. Nilikuwa kijana, fundi cherehani kwenye baraza ya duka moja pale Singida mjini, na kanzu zangu zilisifiwa mpaka Shelui. Basi Waingereza wakaingia vitani huko mbali, na majora ya nguo yakaadimika kwetu. Mwenye duka hakuwa na kitambaa, mimi sikuwa na cha kushona. Wenzangu wakaenda kukata mkonge. Mimi nikabaki na hofu: usingizi haupatikani, chakula hakipiti, nikawa mkali kwa mke wangu bila kosa lake. Mwishowe nikapatana na mfanyabiashara wa Manyoni aje Ijumaa ainunue cherehani yangu, nami niende kuwa kibarua mkongeni. Moyo uliniuma sana.

Alhamisi asubuhi akatokea Mzee Mkumbo, mkulima wa uwele kutoka Iramba. Alipanda baraza kinyumenyume, mkono mmoja nyuma.

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba. Nitilie kiraka, kijana wangu. Suruali ninayo hii moja tu.”

Nikamjibu, na hadi leo naona aibu kulisema, kwamba mimi ni fundi wa nguo mpya, viraka akatafute kwingine. Sisi mafundi wa baraza tulikuwa hivyo, heri tulale njaa kuliko kuonekana tunashona matambara.

Mzee hakukasirika. Alijifunga shuka lake, akaivua suruali palepale, akaitandaza juu ya cherehani.

“Mchagua jembe si mkulima,” akasema. “Unalia nguo mpya hakuna. Je, hizi kuukuu zimeacha kuchanika? Wewe ngoja vita viishe. Makalio yangu hayawezi kungoja.”

Mke wangu, aliyekuwa ameniletea uji, akaangua kicheko. Nami nikacheka, mara ya kwanza baada ya siku nyingi, kisha nikakata pindo la kanzu yangu ya zamani nikamtilia kiraka. Mzee akaondoka akijigeuzageuza sokoni ili kila mtu akione kiraka.

Mwanangu, Ijumaa baraza ilifurika! Wanaume wazima walikaa wamejifunga khanga za wake zao, wakisubiri kaptula zao na kutaniana. Huyu kaleta uwele, yule asali, kuku wamefungwa kwenye miguu ya cherehani wanapiga kelele. Yule wa Manyoni alipofika, hakupata hata pa kupita.

“Nimefuata mashine yangu,” akasema.

“Subiri zamu yako,” wakamjibu. “Kwanza vua!”

Kumbe naye kaptula yake ilikuwa na tundu. Nikamzibia, nikamwambia siiuzi tena, akaenda zake bila mashine.

Nakueleza haya kwa kuwa nasikia duka lako limepoa, nawe umejifungia ndani, huli wala husemi na mtu. Hofu yako naijua. Lakini mtaka cha mvunguni sharti ainame. Usiwangoje watu wa jana, watazame wa leo, uwaulize wanahitaji nini, hata kama kazi yenyewe ni ndogo. Wala usiibebe hofu peke yako, maana ukikaa nayo chumbani inakua. Toka, kaa na watu, wakutanie.

Nenda, mwanangu. Mungu akupe mikono isiyoona haya, akuletee wateja wenye maneno mengi, na nyumbani kwako kicheko kisikauke.