Nilimnyooshea Kukhu Nekesa kidole

Leo nimemwita jirani yangu mchawi, na watu wakaniamini.

Ngojeni kwanza! Ilikuwa maigizo ya akina mama kanisani, hapa Malava. Hadithi ya miaka ile ya uhuru: watoto wanaugua, kijiji kinamgeukia mjane. Kukhu Nekesa, yule nyanya anayeuzanga mboga, aliigiza mjane. Mimi nilikuwa wa kumnyooshea kidole.

Nikanyoosha. "Ni yeye!"

Kanisa zima likasimama. "Ni yeye! Afukuzwe!" Watu ambao hawakuwa hata kwa mchezo, jamani.

Kukhu akasahau maneno yake. Na hapo hakuwa anaigiza.

Wakati wa chakula akakaa benchi peke yake. Mama mmoja akafunika bakuli la mtoto wake, Kukhu asimwone akila.

"Ai, si tulikuwa tunaigiza?" nikamwuliza huyo mama.

"Najua. Lakini macho ya mtu huwezi kujua, yanaweza kuharibu tumbo la mtoto."

Mimi silalangi siku hizi, mtoto wangu anaota meno. Lakini hapo uchovu wote ulinitoka. Nikaenda kwa Kukhu, nikamwekea mtoto mapajani, na uji wake.

"Kukhu, nilishie huyu."

"Mbele ya hawa watu wote?"

"Ndiyo. Waone."

Mtoto akamaliza uji, akamcheulia Kukhu kwenye gauni. Kukhu akacheka mpaka akafuta machozi.

Sasa mtoto amelala, tumbo liko sawa, msiniulize tena.

Kesho Kukhu atakuwa sokoni na mboga zake, tuone nani atanunua. Hapo ndipo tutajua nani alikuwa anaigiza.